Kwa nini pantoni isubiri meli?

SWALI: Shikamoo mzee. Navuka kila asubuhi kutoka Kigamboni kwenda Magogoni, nauza nguo Kariakoo. Mara kwa mara pantoni inazuiwa kwa sababu kuna meli inaingia, na sisi tunachelewa. Kwani meli haiwezi kusimama kidogo watu wavuke? Halafu nasikia nahodha haiingizi mwenyewe, anapewa mtu wa hapa. Ni kweli?
Mama wa Mjimwema

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na hilo la mwisho. Ni kweli. Mtu huyo anaitwa rubani; rubani alikuwa mtu wa meli kabla hajawa mtu wa ndege, na ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Unaifuata meli nje kwa boti, unapanda ngazi ya kamba ubavuni. Hapo usiwe na haraka: unangoja wimbi liinue boti hadi juu kabisa ndipo ushike ngazi. Ukishika boti ikiwa chini, ikipanda itakubana miguu. Ukifika juu, nahodha anakuonyesha kina cha meli yake na tabia za injini. Dhamana inabaki kwake. Wewe unaleta ujuzi wa mahali.

Na mahali penyewe unapaona kila siku. Mlango wetu wa bandari ni mwembamba, hata mwaka 1914 Wajerumani walizamisha gati lao la kuelea pale ili kuuziba. Meli ya makontena haina breki. Inageuka kwa maji yanayopita kwenye usukani, kwa hiyo ukipunguza mno mwendo, usukani unalegea na maji yanayokupwa yanaisukuma yatakako. Ukizidisha, inadidimia zaidi na tezi, yaani nyuma ya meli, inavutwa ukingoni. Ukirudisha injini nyuma ghafla, nyingi zinapeleka omo, yaani mbele ya meli, kulia. Hiyo nafasi ya kusimama wakavuka watu haipo, mama, hata tagi, zile boti za kuvuta meli, zikiwa zimeshafungwa.

Tena pantoni ina redio, inaambiwa. Mitumbwi ya pale Feri haina. Sheria za kimataifa zinakubali maji ya mbele ya omo yafichike kwa aliye chumba cha usukani hadi mita 500. Alfajiri moja vijana wawili walikata mbele yetu kwa makasia. Niliwaona, halafu makontena yakawafunika. Nikapiga honi tano fupi, nikakimbilia nje upande wa kushoto kuchungulia. Nahodha alikuwa ameshika msalaba wake shingoni, hasemi neno. Wakatokea chini kabisa ya ubavu, mmoja anatutukana, mwenzake anafua maji kwa kidumu kilichokatwa. Mikono yangu ilitetemeka mpaka tukafunga kamba gatini.

Kama una ndugu wanaovua pale, nakuomba uwaambie: wakiona omo imeelekea mlangoni, wapite nyuma ya meli, na wangoje kwanza mawimbi yake yatulie.