Mfamasia anajibu: mlonge, manjano na karatasi ya muuzaji

Nina sukari, natumia metformini. Jirani ananiletea unga wa mlonge, naweka kijiko kwenye uji. Anasema ukizoea, vidonge unaviacha. Kweli? (Mama mtu mzima, Tanga)

Shikamoo mama. Vidonge usiviache. Majani ya mlonge yamejaribiwa kwa wenye sukari, ila tafiti nyingi ni za panya, na zile za watu ni za wachache kwa muda mfupi. Kijiko kwenye uji ni mboga tu, na mboga nzuri. Lakini hakikisha ni majani. Mizizi ina sumu. Muulize jirani pia ameyaanika wapi, maana yale ya pembezoni mwa barabara hubeba vumbi na moshi wa magari. Endelea kupima sukari, uandike kwenye daftari. Ukiona jasho jembamba na mikono inatetemeka, huenda sukari imeshuka mno: kunywa kitu cha sukari mara moja, kisha umweleze daktari habari za huo unga.

Nimenunua vidonge vya manjano vyenye pilipili manga. Si ni viungo vilevile vya mchuzi?

Vilevile, ila kipimo kingine. Manjano ya mchuzi mwili huyafyonza kidogo sana. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini, kiini cha manjano, pamoja na miligramu 20 za piperini ya pilipili manga, na kiasi kilichofyonzwa kikapanda takriban mara 20. Wauzaji wanaupenda sana utafiti huo. Wasichokwambia ni kwamba Italia mwaka 2019 walipatikana watu walioumwa ini baada ya kutumia vidonge vya namna hiyo. Ni wachache, lakini wapo. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au weupe wa macho ukigeuka njano, acha vidonge na uende hospitali siku hiyohiyo. Kama unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, usivianze kabisa bila kumwambia daktari: damu inaweza kugoma kuganda.

Muuzaji alinionesha utafiti kuthibitisha kwamba dawa yake inaua saratani. Nimekutumia picha.

Nimeisoma. Walimwagia seli za saratani dondoo la mmea kwenye kisahani cha maabara. Hata jiki ingeziua, na jiki si dawa.

Ukioneshwa utafiti tena, chukua jina la kisayansi la mmea (mlonge ni Moringa oleifera), uliandike kwenye PubMed, tovuti ya kutafutia tafiti za tiba, ni bure. Kisha tafuta: walijaribu kwa watu au kwa panya? Wangapi? Kulikuwa na kundi lililopewa kidonge bandia, ili walinganishe? Nani alilipia? La mwisho ndilo linalowapita wengi: kilichojaribiwa ni jani, mbegu, mzizi au gome, na kopo lako lina kipi? Nimeshaona lebo inajisifia utafiti wa mbegu wakati ndani wameweka majani.

Kuna unga wa mizizi wa nguvu za kiume. Dakika 40 tu, kazi imeanza! Ni salama?

Kasi hiyo ndiyo inayonitia shaka. Wakaguzi wa nchi mbalimbali wamekuta sildenafili, dawa ya hospitali ya nguvu za kiume, imechanganywa kimyakimya kwenye bidhaa zinazoitwa za mitishamba. Ukiwa unatumia dawa za moyo za aina ya nitrati, mchanganyiko huo unaporomosha presha na unaweza kukuua. Usiuguse.