Lau Jaworski Angestaafu Kileleni

Jarida limeuliza wiki hii iwapo mwanamichezo wa kulipwa anapaswa kustaafu akiwa bado kileleni, kabla mashabiki hawajaanza kumchoka. Najua kwamba jibu lililozoeleka ni ndiyo. Mimi nasema hapana, na shahidi wangu ni Robert Jaworski wa Ufilipino, mchezaji wa mpira wa kikapu ambaye, lau angeufuata ushauri huo, angekumbukwa kwa nusu tu ya aliyoyafanya, tena nusu iliyo duni.

Jaworski alizaliwa mwaka 1946 katika mji wa Baguio. Aliichezea timu ya taifa katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, lakini mwaka 1971, katika mchezo mkali dhidi ya timu ya Crispa, yeye na mwenzake Alberto Reynoso waliwapiga waamuzi, wakafungiwa maisha. Adhabu hiyo iliondolewa mwaka 1973, wakati Manila ilipokuwa mwenyeji wa mashindano ya ubingwa wa Asia, na Ufilipino ikatwaa kombe. Ligi ya PBA, ya kwanza ya kulipwa barani Asia, ilipoanza mwaka 1975, alikuwa katika kikosi cha Toyota, na mwaka 1978 akatangazwa mchezaji bora wa msimu. Kama kilele maana yake ni nguvu za mwili, basi kilele chake kilikuwa hapo.

Mwaka 1984 Toyota ilivunjwa. Wachezaji wake walihamishiwa kwa mmiliki mpya kwa mkupuo, lakini Jaworski, aliyekuwa akikaribia miaka 38, alikataa pamoja na mchezaji mwenzake Francis Arnaiz, wakajiunga na Gilbey's Gin, timu ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Ginebra. Mshauri yeyote wa busara angemwambia kwamba huo ndio wakati wa kuaga kwa heshima. Yeye alibaki, na mwaka uliofuata akakabidhiwa ukocha huku akiendelea kucheza.

Nataka msomaji autazame mchezo wa Oktoba 1985 dhidi ya timu ya Northern Consolidated. Jaworski alipigwa kiwiko mdomoni na Jeff Moore, akatoka uwanjani akivuja damu, akakimbizwa hospitalini na kushonwa nyuzi tisa. Timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi 15. Katika robo ya mwisho alirudi akiwa na mdomo uliovimba, ukumbi mzima ukasimama, na wachezaji wake wakaanza kucheza kana kwamba walikuwa na deni la kumlipa, mpaka wakashinda. Tangu siku hizo timu hiyo imeshikamana na msemo wa kutokata tamaa kamwe, na umati ulioifuata haukuwa wa mji mmoja wala wa tabaka moja. Nafanya kazi Muscat pamoja na Wafilipino kadhaa, na wale ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo humtaja kama mtu wa nyumbani kwao. Wanachokizungumzia si tuzo ya mwaka 1978. Wanazungumzia Ginebra.

Ubingwa wa kwanza akiwa kocha mchezaji ulikuja mwaka 1986. Ulifuata mwingine mwaka 1988, kisha 1991, na wa mwisho mwaka 1997, wakati ambapo alikuwa ametimiza miaka 51.

Kuna jambo jingine ambalo kustaafu mapema kungelizuia, nami nalithamini kuliko makombe hayo. Kuvunjika kwa Toyota kulimtenga na Ramon Fernandez, mwenzake wa miaka mingi, na uhasama wao ukawa habari ya taifa zima. Juni 1989, katika mchezo wa nyota wa ligi, kocha Baby Dalupan aliwapanga upande mmoja, kwenye timu ya wakongwe. Zikiwa zimebaki sekunde chache na matokeo yakiwa sare, Jaworski ndiye aliyeurusha mpira ndani, Fernandez akaupokea, akampita Benjie Paras, kijana aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza, na kufunga kikapu cha ushindi. Wakati huo Jaworski alikuwa na miaka 43. Dalupan akawakutanisha katikati ya uwanja, wakapeana mikono mbele ya watu wote.

Wapo watakaosema kwamba mkongwe anayeng'ang'ania uwanja huwazibia vijana njia. Hoja hiyo ni nzito, na pengine ni kweli kwa mchezaji anayedai dakika zilezile alizokuwa akipewa ujanani. Jaworski hakufanya hivyo. Kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyepanga kikosi, alijipunguzia dakika kadiri umri ulivyosonga, na mara nyingi aliinuka benchi pale tu timu ilipolegea, kwa kuwa kuingia kwake kuliamsha ukumbi na kuwatia wenzake ari. Katika fainali ya mwaka 1991 Ginebra ilikuwa nyuma ya Shell kwa michezo mitatu kwa mmoja, ikasawazisha, na mchezo wa saba ukaamuliwa kwa kikapu cha dakika ya mwisho. Aliyekifunga ni Rudy Distrito, mmoja wa wachezaji ambao Jaworski aliwaamini na kuwapa nafasi, naye kocha wake, mwenye miaka 45, alikuwa bado kwenye orodha ya wachezaji.