Msiwashikanishe Mikono Mstarini

Jumatatu iliyopita mwalimu mmoja wa ajira mpya, akiwa zamu, aliwasimamisha mstarini wanafunzi wawili waliopigana bwenini, akawaamuru wapeane mikono, na shule nzima ikapiga makofi. Mimi nilitazama mlingoti wa bendera. Wadogo zangu, nawapenda, lakini kosa hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi; basi someni haya kabla ya zamu zenu.

1. Ugomvi hauamuliwi mstarini. Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika shule ya bweni wilayani Kasulu, kijana wa kidato cha pili alimpiga mwenzake kichwani kwa sahani ya chakula. Alitoka kijiji cha Buhigwe kilicho mpakani na Burundi, na kwa kuwa Kiha cha kwao na Kirundi cha ng'ambo ni lugha zinazosikilizana, wenzake walikuwa wamembandika jina la "mkimbizi" tangu alipofika. Hayo niliyajua baadaye, kwa sababu sikuuliza. Nilimtaka aombe radhi, nikawashikanisha mikono, kisha nikatoa hotuba ndefu juu ya amani ya taifa letu, nikashangiliwa. Chuoni nilikuwa nimejibu vizuri kabisa swali la Johan Galtung, mtaalamu wa masomo ya amani kutoka Norwei, kwamba kukosekana kwa mapigano ni amani hasi tu, na kwamba amani chanya huhitaji dhuluma yenyewe iondolewe. Mstarini sikukumbuka hata neno moja. Wiki ya tatu patroni aliniita saa tano usiku. Kijana alikuwa amelala na viatu miguuni, kamba zimefungwa mafundo mawili mawili, begi la madaftari chini ya kichwa. Patroni alisema hulala hivyo tangu siku ya makofi, kwani sasa hata kidato cha kwanza walimwita "mkimbizi", tena wakimnyooshea mkono kwa dhihaka, kama nilivyowaonyesha. Asubuhi nilimketisha chini ya mwembe ili azungumze. Aliniamkia kwa heshima, akainamisha kichwa, basi. Muhula uliofuata hakurudi.

2. Msikilizeni kila mmoja faraghani kabla ya kuwakutanisha.

3. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 mnazijua: viboko visizidi vinne, mchapaji awe mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. (Kitabu chetu kina vumbi, wala si kwa sababu viboko vimekwisha.)

4. Klabu ya amani isiishie kwenye ngonjera za 21 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Amani. Yetu hukutana Alhamisi baada ya vipindi, na kikao kilichotufaa kuliko vyote ni kile ambacho wanafunzi waliandika, bila kujitambulisha, majina ya utani wanayoyachukia, wakayatia katika kopo la maziwa. Nilisoma karatasi moja baada ya nyingine nikijiandaa kuwaonya wanafunzi, mpaka nikafungua iliyoandikwa "Treni ya Kigoma". Jina hilo nililitoa mimi darasani, kwa kijana anayechelewa kila asubuhi, na siku zote nilidhani anacheka pamoja nasi.