Lafudhi ya Kiingereza: shughulikia mkazo kwanza, "th" itasubiri

Mkuu, umeuliza hivi: sarufi unaijua, kusoma na kuandika huna shida, lakini kwenye mikutano na wageni unaombwa kurudia karibu kila unachosema, na mazoezi ya "th" hayajakusaidia. Hiyo "th" iweke kando kwanza. Kinachompoteza msikilizaji zaidi ni mkazo, yaani silabi unayoitamka kwa nguvu kuliko nyingine katika neno.

Kwa Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Tumeuzoea mno, tunaupeleka kwenye Kiingereza bila kujua: ca-LEN-dar, in-DUS-try, cha-RAC-ter, de-ve-LOP-ment. Wenyewe wanasema CAL-en-dar, IN-dus-try, CHAR-ac-ter, de-VEL-op-ment. Sikio lao hulitambua neno kwa silabi yenye nguvu. Ukiihamisha, msikilizaji anaanza kutafuta neno jingine, na wewe umeshafika mbele. Kwa hiyo maneno unayoyatumia sana kazini yafungue moja moja kwenye kamusi ya mtandaoni ya Cambridge au Oxford, zina sauti ya Uingereza na ya Marekani. Kijistari kidogo kilichosimama juu hutangulia silabi yenye mkazo.

Kuna upande wa pili ambao wengi hawaugusi: kuzififisha silabi zisizo na mkazo. Kiswahili huipa kila silabi haki yake. Kiingereza huzibana, na irabu yake hugeuka mguno mfupi wa katikati ya mdomo, unaoandikwa ə kwenye kamusi. Ndiyo irabu inayotokea mara nyingi kuliko zote katika lugha hiyo. "Banana" ina a tatu kwenye maandishi, lakini inayotamkwa kikamilifu ni ya kati tu.

Chukua sentensi hii: "The manager asked for a copy of the report." Gonga meza mara nne, kwa nafasi sawa: MAN, ASKED, COP, PORT. Mengine yote yapite kati ya mapigo, mafupi na kwa sauti ya chini. "For a" inabaki "fərə", "of the" inabaki "əvðə". Anza taratibu sana. Silabi ndogo zikikataa kuenea, usiharakishe mapigo. Zibane zaidi hizo ndogo. Hapa ndipo watu huharibu: wanadhani kuongea Kiingereza vizuri ni kuongea mbio, wanakimbiza kila silabi kwa uzito uleule, na kinachotoka hakieleweki kabisa.

Linalofuata ni mwisho wa maneno. Silabi zetu huishia na irabu, kwa hiyo "book" inakuwa "buku" na "church" inakuwa "chachi". Dawa yake: fika kwenye k ya "book", ulimi ubaki umebana hapo, hesabu moja mbili kimoyomoyo, kisha uachie bila sauti ya koo. Na neno linalofuata likianza na irabu, Kiswahili chako kinageuka msaada, maana konsonanti inahamia mbele na silabi zinafunguka: "pick it up" hutamkwa kama pi-ki-tap, "turn it off" kama te-ni-tof. Kuhusu "-ed", usiongeze silabi ovyo. "Worked" huishia na t, "played" na d, zote silabi moja. Silabi huongezeka tu pale kitenzi chenyewe kinapoishia na sauti ya t au d, kama "wanted" na "needed".

Irabu sasa. Tunazo tano, wao wanazo zaidi ya kumi, na a yetu moja inabebeshwa "cat", "cut", "cart" na "curt". Ya "cat" inataka mdomo upanuke kuelekea e. Ya "cut" ni a fupi, taya limeshuka nusu tu. Ya "cart" ni ndefu na ulimi umerudi nyuma. Ya "curt", ambayo pia ni ya "work" na "bird", kwetu haipo: sema e ya "pete", ivute, kisha rudisha ulimi nyuma kidogo kidogo bila kukusanya midomo hadi sauti ififie. Kwa "ship" na "sheep" usitegemee urefu peke yake. Anza na i ya "kiti", legeza taya kidogo kuelekea e, hiyo ndiyo "ship". Urefu unafanya kazi kubwa zaidi kwingine: "back" na "bag", "price" na "prize". Irabu ikirefushwa kabla ya g au z, msikilizaji anaelewa hata kama konsonanti ya mwisho ni hafifu.

"Th" yenyewe unayo tayari: "think" ni th ya thamani, "this" ni dh ya dhahabu. Anayesema "samani" na "zahabu" atoe ncha ya ulimi katikati ya meno, hewa ipite. "Singer" ina ng' ya ng'ombe, "finger" ina ng ya ngoma. Anayechanganya r na l ajipime hivi: weka ulimi kama wa l, vuta hewa ndani, utasikia ubaridi pembeni mwa ulimi. Kwa r ya Kiingereza ncha haigusi popote. Fanya mazoezi ya "collect" na "correct".

Hiyo "tweng", yaani lafudhi ya Kimarekani ya kuigiza ya vijana wa Nairobi, achana nayo. Mwaka 1995 watafiti wa Kanada, Murray Munro na Tracey Derwing, walionyesha kwamba mtu anaweza kuwa na lafudhi nzito na bado akaeleweka vizuri. Hata IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, ambako matamshi ni robo ya alama za kuzungumza, haimkati mtu kwa kuwa na lafudhi ya kwao.

Dakika 15 kwa siku zinatosha. Chagua sauti ya sekunde 30 yenye maandishi yake, sikiliza mara tatu ukiweka alama kwenye mikazo kwa penseli, halafu sema pamoja na msemaji, kisha jirekodi kwa simu na ulinganishe mkazo kwa mkazo. Ukimaliza wiki, soma maneno kumi ya jozi kama "ship" na "sheep" kwa kuyachanganya, umtumie rafiki rekodi bila maandishi, naye aandike anachosikia. Ukitumia simu iandike unachosema, iambie neno mojamoja. Ikipewa sentensi nzima hubahatisha kwa maana na kukupa alama ambazo si zako.