Jibu: Kuchambua mfuatano wa shughuli za mwandishi wa programu

Ndugu, umeuliza ufanye nini na video za skrini za wanafunzi wako wa hapa Arusha wakiandika programu, kwa kuwa jumla ya dakika za kila shughuli haikuambii kitu. Ni kweli, kinachosema ni mfuatano. Kila kipande cha video kipe jina la shughuli, yaani kusoma msimbo, kupekua mafaili, kuandika, kuendesha programu au kutafuta mtandaoni, kisha uhesabu katika jedwali ni mara ngapi kila shughuli ilifuatwa na ipi. Safu mlalo iwe ya shughuli iliyotangulia; ukigawanya kila namba ya safu hiyo kwa jumla ya safu, unapata uwezekano wa mpito, yaani wa kutoka shughuli moja kwenda nyingine, kama katika mnyororo wa Markov (modeli ambamo hatua inayofuata hutegemea hatua ya sasa tu). Mwanafunzi anayeendesha programu, ikagoma, akarudi kuandika papo hapo bila kusoma ujumbe wa kosa, huenda anabahatisha; hapo ndipo mimi ningekodoa macho. Umeme ukikatika katikati ya kazi (nawe unaujua wetu), ukate mfuatano hapo, usiunganishe vipande viwili kana kwamba vilifuatana. Mwisho, mwombe mwenzako aainishe baadhi ya video bila kuona majina uliyoweka, kisha mpime makubaliano yenu kwa kappa ya Cohen, kipimo cha jinsi waainishaji wawili wanavyokubaliana zaidi ya kubahatisha tu.