Kodi ya mishahara na wafanyakazi wa kanisa

SWALI: Mimi ni mhazini wa kanisa lenye walimu wa chekechea, dereva, mlinzi na wafanya usafi, ambao wote hulipwa kila mwisho wa mwezi. Mchungaji wetu ameagiza nisikate kodi ya mishahara wala michango ya NSSF, kwa hoja kwamba hawa ni watumishi wa Mungu na si waajiriwa wa mtu, na kwamba fedha ya madhabahuni haimhusu mtoza kodi. Ameagiza pia fedha zitolewe benki kwa mafungu madogo madogo ili tusiulizwe maswali. Nilipohoji, aliniambia kwamba nimepungukiwa imani. Je, sheria inamlinda? Na mimi ninayetia sahihi nasimama wapi?
Mhazini, Morogoro

JIBU: Ndugu Mhazini, sheria haimlindi mchungaji wako katika jambo hili, wala haikulindi wewe. Sadaka inayotolewa ibadani ni jambo moja, na mshahara wa dereva ni jambo jingine kabisa. Kodi ya mshahara inamhusu yule anayelipwa, nanyi kama mwajiri mnawajibika kuikata na kuiwasilisha TRA, hata kama fedha yenyewe ilitoka kwenye kapu la sadaka.

Hoja hiyo si ngeni mahakamani. Kent Hovind, mhubiri wa Pensacola katika jimbo la Florida nchini Marekani, aliyeanzisha bustani ya maonyesho ya dinosaria ili kufundisha habari za uumbaji, alishikilia kwamba yeye humfanyia kazi Mungu na kwamba watu aliowalipa walikuwa wamisionari, kwa hiyo hakuwakata kodi. Novemba 2006 alipatikana na hatia katika makosa 58, na Januari 2007 akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Makosa 12 tu kati ya hayo yalihusu kodi za wafanyakazi. 45 yalitokana na kutoa fedha benki kwa mafungu yaliyokuwa chini kidogo ya dola 10,000, kiwango ambacho benki za huko hulazimika kukitolea taarifa serikalini. Mke wake naye alihukumiwa mwaka mmoja na siku moja kwa sababu ya fedha hizo. Yatafakari hayo kabla hujakwenda tena benki, kwa maana hata hapa nchini benki zinatakiwa kutoa taarifa za miamala inayotiliwa shaka, na jina litakaloonekana kwenye hati ni lako.

Huenda mchungaji wako akasema kwamba Hovind hakuwa mkweli, ilhali yeye anaamini kwa dhati. Basi mweleze habari za Edwin Lee, mkulima na seremala wa Pennsylvania wa jamii ya Waamishi, ambao huona ni dhambi kuiachia serikali kazi ya kuwatunza wazee wao. Lee aliwaajiri Waamishi wenzake na akakataa kuwalipia mchango wa hifadhi ya jamii. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba imani yake ni ya kweli na kwamba mchango ule unaigusa, lakini majaji wote wakaamua kwamba alipaswa kulipa, kwa sababu mfumo wa kodi hauwezi kusimama iwapo kila dhehebu litajiondoa kwa hoja ya imani. Mwaka 1988 Bunge la nchi hiyo ndilo lililotunga kifungu cha kuwasamehe waajiri wa namna hiyo wanapoajiri wenzao wa imani ileile. Hiyo ndiyo njia halali ya kupata msamaha, nami naiheshimu: ulitoka kwa watunga sheria, hakujitwalia mtu mwenyewe ofisini kwake.

Linaloniumiza zaidi katika barua yako ni habari ya mlinzi na wafanya usafi. Waamishi walikuwa na desturi thabiti ya kutunzana hadi uzeeni; je, kanisa lenu limeweka nini kwa ajili ya mlinzi huyo siku atakaposhindwa kukesha? Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mwajiri ni haki ya mfanyakazi. Waraka wa Yakobo 5:4 unawakemea vikali wanaozuia ujira wa vibarua wao, na sioni namna kanisa linavyoweza kuusoma mstari huo ibadani huku likifanya hivyo.

Mwandikie mchungaji barua, nakala ipate baraza la wazee, na uhakikishe kwamba suala hilo linaingia katika muhtasari wa kikao. Orodhesha malimbikizo ya kila mfanyakazi, kisha uongozi uende TRA na NSSF kabla hazijawajia, ukaombe kulipa kwa awamu. Agizo la kutoa fedha kwa mafungu ulikatae leo hii, kwa maandishi. Na kama baraza nalo litakataa kukusikiliza, kabidhi vitabu vya hesabu mbele ya mashahidi, wala usitie sahihi malipo mengine ya mishahara.