Jengo limefungwa, mradi haujaanza: maswali yenu

Jengo la ofisi tuliyohama litakarabatiwa baada ya miaka miwili. Kulitunza sasa si kutupa pesa?

Miaka miwili ya kwenye karatasi hurefuka. Kituo cha umeme cha Battersea, London, kilizimwa 1983. Paa likaezuliwa kupisha mradi wa bustani ya burudani, mradi ukakwama 1989, vyuma vikabaki vikinyeshewa. Umma ulikuja kufunguliwa milango 2022. Paa lingebaki juu, mnunuzi aliyefuata angekuta kitu kingine kabisa.

Bajeti ni kiduchu. Tuanze na nini?

Maji. Rangi na nyasi zisubiri. Pandeni paani mtazame mifereji: majani yakiziba mdomo wa bomba, maji hurudi nyuma na kushuka ndani ya ukuta. Mche wa mtini ukishaota pale, mizizi yake inafuata ufa. Ndani, plasta huvimba; igonge kwa kidole, italia kama debe tupu. Mbao za kenchi zikikaa na unyevu unaozidi asilimia 20 au hapo karibu, kuvu hupata makazi, na mchwa hupenda mbao za aina hiyo. Mvua kubwa ikikatika tu, mtu aingie darini na tochi. Asingoje kesho, alama za maji zitakuwa zimekauka.

Tumeziba madirisha yote kwa mbao. Inatosha?

Kwa wezi, kiasi. Ila jengo lisilopumua huota ukungu. Toboeni matundu juu na chini, mweke wavu, la sivyo mtafuga popo na njiwa.

Choo hakitumiki, mbona kinanuka?

Kwa sababu hiyohiyo. Maji ya kwenye kona ya bomba yamekauka na gesi ya shimo inapanda. Mwageni ndoo moja kila mwezi, kisha mafuta kidogo ya kupikia juu yake yachelewe kukauka.

Umeme tukate wote?

Hapana. Bakizeni king'ora cha moto na taa za nje.

Mlinzi yupo, nyaya zinaibiwa vilevile.

Yupo getini, nyaya ziko uani. Uholanzi na Uingereza huweka wakaazi wa muda kwa ada nafuu, na mwizi akiona nguo zimeanikwa hupita. Msipoweza hilo, someni daftari la mlinzi. Niliwahi kufungua moja: "hali shwari" kila usiku, hata usiku dari ya ukumbi ilipoanguka.